Je, kompyuta hukwama kwenye 2,147,483,647 kwa sababu ni namba tasa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninatunza hesabu kwenye duka la jumla hapa Mwanza. Jumla ya mauzo ya mwaka ilitakiwa kuwa shilingi 2,150,000,000, lakini programu ikaonyesha −2,144,967,296. Fundi alipokuja akasema programu ina mwisho wake, nao ni 2,147,483,647, na kwamba waliotengeneza kompyuta waliichagua namba hiyo kwa sababu ni tasa. Nimekaa na kikokotoo nikaigawanya kwa kila namba tasa hadi 100, zote zinaacha baki. Je, ni tasa kweli? Kabla ya kompyuta mtu angejuaje? Na ndiyo sababu programu yetu imekwama hapo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla ya hisabati nikutoe kwanza wasiwasi wa fedha: hakuna shilingi iliyopotea. Chukua hiyo −2,144,967,296 uijumlishe na 4,294,967,296, utapata 2,150,000,000 kamili, bila pungufu wala ziada. Mwonyeshe mwenye duka leo hii. Hiyo 4,294,967,296 nitakueleza ilikotoka.

Fundi wenu amesema mambo matatu. Kwamba programu ina mwisho: kweli. Kwamba mwisho huo ni namba tasa: kweli tena, na ni tasa yenye historia ndefu. Kwamba iliwekwa pale kwa sababu ni tasa: hapo amekosea. Na kosa hilo ndilo linalonifanya nikujibu kwa kirefu, maana nimelisikia hata kwa watu wanaoijua kazi yao vizuri, na ukilifuatilia hadi mwisho unajifunza mambo mawili mazuri ambayo kwa kawaida hayafundishwi pamoja.

Tuanze na programu. Bila shaka umewahi kuliona bao la kete. Safu nne, kila safu mashimo manane, jumla mashimo 32. Sahau kanuni za mchezo, tubaki na ubao wenyewe. Kila shimo ama lina kete moja ama ni tupu, basi. Ukianzia upande mmoja, kete ya shimo la kwanza ina thamani ya 1, ya shimo la pili 2, la tatu 4, la nne 8, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Ukitaka kuandika 13 unaweka kete kwenye 8, kwenye 4 na kwenye 1. Hivyo ndivyo kompyuta inavyoandika namba, na shimo moja la namna hiyo ndilo linaloitwa biti. Programu yenu imeipa kila namba mashimo 32.

Lakini duka lina mauzo na lina madeni, kwa hiyo namba hasi lazima ziwe na pa kukaa. Ndiyo maana shimo la 32 limetengwa: kete ikiingia humo thamani yake ni hasi 2,147,483,648. Kwa namba chanya yanabaki mashimo 31. Yajaze yote: 1 + 2 + 4 + 8, na kuendelea hadi 1,073,741,824 ya shimo la 31. Jumla ya mashimo yaliyojaa siku zote ni moja kasoro ya thamani ya shimo linalofuata. Mashimo matatu yakijaa ni 1 + 2 + 4 = 7, moja kasoro ya 8. Mashimo 31 yakijaa ni moja kasoro ya 2³¹, yaani 2,147,483,647. Huo ndio ukuta mlioufikia.

Ongeza sasa shilingi moja. Shimo la kwanza lina kete tayari, na kete mbili haziruhusiwi, kwa hiyo linabaki tupu na kete moja inahamia shimo la pili. La pili nalo limejaa, linabaki tupu, kete inasogea la tatu. Inasogea hivyo shimo kwa shimo hadi itue kwenye la 32, lile la hasi, na nyuma yake mashimo yote 31 ni matupu. Ubao unasomeka −2,147,483,648. Mauzo yenu hayakupungua hata kidogo. Kete yake moja tu ndiyo iliyoangukia shimo la madeni. Shimo hilo limehesabiwa kama hasi 2³¹ wakati ninyi mlilihitaji liwe chanya 2³¹, na tofauti kati ya hizo mbili ni 2³², yaani 4,294,967,296. Ndiyo namba niliyokupa ujumlishe.

Kwa nini mashimo 32 na si 30 au 35? Sababu ni za kifundi. Kumbukumbu za kompyuta hupangwa kwa mafungu ya biti nane nane, baiti, na 32 ni baiti nne. Kompyuta za IBM System/360 zilizotangazwa mwaka 1964 zilitumia neno, yaani fungu linaloshughulikiwa kwa pamoja, la biti 32, na ukubwa huo ukazoeleka duniani. Ukishaamua mashimo 32 na ukatenga moja kwa ajili ya hasi, mwisho wako ni 2³¹ − 1 utake usitake. Habari ya tasa haijaingia popote katika uamuzi huo.

Njia rahisi ya kulithibitisha hili ni kuangalia ndugu zake. Namba ya biti 8 iliyotengewa shimo la hasi inaishia 127, ambayo ni tasa. Ya biti 16 inaishia 32,767, nayo ni 7 × 31 × 151, wala si tasa. Ya biti 32 ni hii yenu, tasa. Ya biti 64, ambayo ndiyo fundi atakayokuhamishia, inaishia 9,223,372,036,854,775,807, na hiyo inagawanyika kwa 7 mara mbili mfululizo. Mtu aliyekuwa akitafuta tasa asingekubali mbili kati ya nne zimponyoke.

Na kuponyoka kwake kuna sababu unayoweza kuiona kwenye ubao. Ile 32,767 ni mashimo 15 yaliyojaa. Yagawe mafungu ya matatu matatu: yanatoka mafungu matano, kila fungu kete tatu zilizofuatana. Fungu la kwanza ni 1 + 2 + 4 = 7. La pili ni 8 + 16 + 32 = 56, ambayo ni 7 × 8. La tatu ni 7 × 64. Kila fungu ni 7 mara kitu fulani, kwa hiyo jumla nzima lazima igawanyike kwa 7. Yagawe tena matano matano, kila fungu linakuwa 31 mara kitu fulani. Idadi ya mashimo ikigawanyika, namba nayo inagawanyika. Mashimo 63 yanakubali matatu matatu, basi 7 imo. Mashimo 31 hayakubali mafungu ya aina yoyote, kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, na hapo ndipo 2³¹ − 1 inapopata nafasi ya kuwa tasa.

Nimesema nafasi, sijasema hakika. Mashimo 11 nayo hayagawanyiki, lakini 2¹¹ − 1 ni 2,047, na 2,047 ni 23 × 89. Hapa ndipo watu wengi waliteleza. Mwanahisabati Pietro Cataldi wa Bologna, Italia, alithibitisha mwaka 1588 kwamba 2¹⁹ − 1, yaani 524,287, ni tasa, kwa kuigawanya kwa kila tasa hadi kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho ni 724 na kidogo. Kazi safi kabisa. Kisha akadai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa tasa, na kati ya vinne hivyo alipatia kimoja tu, 31. Marin Mersenne, padri Mfaransa ambaye jina lake ndilo lililobaki kwenye namba hizi, alitoa orodha yake mwaka 1644: vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Akaingiza viwili visivyostahili, 67 na 257, na akaviruka vitatu vinavyostahili, 61, 89 na 107. Cha 31 alikipatia, lakini kupatia si kuthibitisha.

Sasa turudi kwenye kikokotoo chako. Umejaribu tasa zote hadi 100, nami nakupongeza, wengi wangeishia 13. Ila swali ni hili: ulitakiwa ufike wapi? Namba ikiwa ni zao la namba mbili, moja kati ya hizo mbili haizidi kipeuo cha pili cha namba hiyo, maana zote mbili zikikizidi, zao lao nalo litazidi. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na ushei. Kwa hiyo ulitakiwa kujaribu tasa zote hadi 46,340, nazo ni 4,792. Wewe umejaribu 25. Kwa kikokotoo, ukitumia dakika moja kwa kila tasa, ni kama saa themanini za kazi. Kwa wino na karatasi ni miezi, na kosa moja tu la kuhamisha tarakimu linaharibu kila kitu bila wewe kujua.

Mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler aliimaliza mwaka 1772. Alikuwa Saint Petersburg, ana umri wa miaka 65 hivi, macho yamekaribia kuzimika kabisa, na sehemu kubwa ya kazi yake alikuwa akiisema huku wengine wakiandika. Matokeo aliyaeleza kwenye barua kwa mmoja wa ukoo wa Bernoulli, ukoo wa wanahisabati. Hakuzigawanya tasa 4,792. Alikwanyua karibu zote kabla hajaanza, na namna alivyozikwanyua ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo kaa nami hapa.

Chukua kwanza mfano mdogo, 23, tunayoijua kuwa kigawo cha 2¹¹ − 1. Anza na 1, uzidishe kwa 2 kila hatua, na kila unapovuka 23 toa 23. Unapata 1, 2, 4, 8, 16, kisha 32 toa 23 ni 9, kisha 18, kisha 36 toa 23 ni 13, kisha 3, 6, 12, na hatua inayofuata 24 toa 23 inakurudisha kwenye 1. Umezunguka duara la namba 11. Lazima liwe 11, kwa sababu kusema 23 inagawanya 2¹¹ − 1 ni sawa na kusema 2¹¹ inaacha baki 1. Sasa tazama namba ambayo duara hilo halikuigusa, mfano 5. Ianzishe nayo: 5, 10, 20, 17, 11, 22, 21, 19, 15, 7, 14, halafu 28 toa 23 ni 5. Duara jingine, na lenyewe lina namba 11. Ukiyaweka maduara mawili pamoja umemaliza namba zote kuanzia 1 hadi 22, hakuna iliyojirudia na hakuna iliyobaki nje. Hakikisha kwa kidole chako, ni vizuri kuliona.

Maana yake ni nini? Zile baki 22 zimegawanyika katika maduara yenye ukubwa sawa, 11 kila moja. Basi 11 lazima igawanye 22. Na jambo hili halitegemei 23 wala 11. Tuseme kuna namba tasa, tuiite t, inayogawanya 2³¹ − 1. Mchezo uleule wa kuzidisha kwa 2 utarudi kwenye 1 baada ya hatua 31, na hauwezi kurudi mapema zaidi, kwa sababu ungerudi mapema urefu wa duara ungekuwa kigawo cha 31, na 31 haina kigawo kati yake na 1. Baki zilizopo ni t − 1. Zinagawanyika katika maduara ya 31. Kwa hiyo t − 1 inagawanyika kwa 31. Tena t ni witiri, maana 2³¹ − 1 ni witiri, kwa hiyo t − 1 ni shufwa. Inagawanyika kwa 62. Kwa mstari huo mmoja wa mawazo Euler alizifuta 3, 5, 7, 11, 13 na zote zile ulizozihangaikia hadi 100. Hakuna hata moja kati ya hizo 25 iliyokuwa na uwezo wa kuingia, hata ungekuwa hujaigusa.

Chujio la pili linazipunguza tena. Kama t inagawanya 2³¹ − 1, basi 2³¹ inaacha baki 1, na 2³² inaacha baki 2. Lakini 2³² ni mraba, ni 2¹⁶ mara 2¹⁶. Kwa hiyo, katika hesabu ya baki za t, namba 2 imekuwa mraba wa namba nyingine. Kuna kanuni inayosema hilo hutokea tu kwa tasa ambazo zikigawanywa kwa 8 huacha baki 1 au 7. Linganisha na mfano wetu: 23 inaacha 7, na 89 inaacha 1. Ukiunganisha chujio la 62 na la 8, unabaki na namba za sura mbili tu: zinazoacha baki 1 zikigawanywa kwa 248, na zinazoacha baki 63 zikigawanywa kwa 248. Hadi 46,340, sura ya kwanza ina namba 186 ukiacha 1 yenyewe, na ya pili ina 186 ukiacha 63, ambayo inajulikana wazi kuwa si tasa. Jumla 372. Ukitupa zile zisizo tasa zinazobaki hazifiki mia moja. Kutoka 4,792 hadi chini ya mia moja, bila kugawanya hata mara moja.

Ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa ni 311. Zilizo kabla yake zinaanguka: 63 ni 7 × 9, na 249 ni 3 × 83. Wala huhitaji kuigawanya namba ya tarakimu kumi. Fanya hivi. 2⁸ ni 256. Mraba wa 256 ni 65,536. Toa 311 mara 210, yaani 65,310, inabaki 226. Hiyo ni baki ya 2¹⁶. Mraba wa 226 ni 51,076. Toa 311 mara 164, yaani 51,004, inabaki 72. Hiyo ni baki ya 2³². Igawanye kwa 2 upate baki ya 2³¹, ambayo ni 36. Toa 1: baki ni 35. Si sifuri, kwa hiyo 311 si kigawo.

Inayofuata ni 1,303, nayo inaacha 226. Baada yake 1,489, na hiyo utaifanya kwa kichwa: 65,536 toa 1,489 mara 44 inabaki 20, mraba wa 20 ni 400, nusu yake 200, toa 1 ni 199. Ukiendelea hivyo kila moja dakika chache, mtu mwenye subira anamaliza orodha nzima kwa siku moja au mbili. Zote zinaacha baki. Kwa hiyo 2,147,483,647 ni tasa, na wewe na mimi tunajua kwa nini.

Kwa nini Euler alihangaika? Nia yake ilikuwa ya kale zaidi. Wagiriki walizipenda namba ambazo ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukiiacha namba yenyewe, unairudia namba hiyohiyo: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Tuziite namba timilifu. Euclid alionyesha kwamba kila unapopata tasa ya aina hii unapata namba timilifu, kwa kuizidisha na thamani ya shimo la mwisho lililojaa. Mashimo matatu yaliyojaa ni 7, shimo la tatu ni 4, na 4 × 7 ni 28. Kwa mashimo 31 unapata 1,073,741,824 × 2,147,483,647, ambayo ni 2,305,843,008,139,952,128, namba timilifu ya nane. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopatikana milele, kwa sababu namba hizi ni za kustaajabia tu, hazina manufaa, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Édouard Lucas alifika 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, mwaka 1876, na kila hesabu ilifanywa kwa mkono. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole aliuonyesha mkutano wa wanahisabati wa Marekani kwamba ile ya Mersenne yenye kipeo 67 ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Na Oktoba 2024 ikatangazwa 2 yenye kipeo 136,279,841 kasoro moja, tarakimu 41,024,320. Sikubaliani na Barlow, na si kwa sababu ya rekodi hizi. Namba yenu hii imepata kazi ambayo yeye asingeweza kuiota.

Kazi yenyewe ni ya bahati nasibu. Kompyuta haiwezi kurusha sarafu, kwa hiyo hutengeneza namba zinazoonekana kama za kubahatisha. Njia moja iliyozagaa, ambayo Park na Miller waliipendekeza mwaka 1988 kama kipimo cha chini kinachokubalika, ni hii: chukua namba, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, shika baki, rudia. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, kisha 984,943,658. Ni mchezo wetu wa maduara uleule, ila badala ya kuzidisha kwa 2 unazidisha kwa 16,807. Na hapa utasa ni wa lazima. Kwa kuwa namba ni tasa, baki zipo 2,147,483,646, na 16,807 imechaguliwa ili duara liwe moja tu linalozipitia zote kabla ya kurudi mwanzo. Ile 16,807 ni 7 × 7 × 7 × 7 × 7. Saba yenyewe inazunguka duara zima, na kipeo cha tano hakiliharibu kwa sababu 5 haimo katika vigawo vya 2,147,483,646, ambavyo ni 2, 3, 3, 7, 11, 31, 151 na 331. Waliotunga njia hii, wao ndio waliichagua namba kwa kuwa ni tasa na pia inaenea kwenye mashimo 31. Nadhani fundi wenu aliisikia habari hii mahali akaipachika kwenye ile nyingine, na kuchanganya huko kunaeleweka.

Kuhusu ukuta wenyewe, hamko peke yenu. Mwaka 2014 video ya muziki kutoka Korea Kusini ilikaribia idadi hii ya watazamaji kwenye YouTube, na kihesabio kikabadilishwa kuwa cha biti 64. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za aina ya Boeing 787 zisiachwe zikiwa na umeme mfululizo kwa siku 248, kwa sababu kihesabio kwenye vidhibiti vya jenereta zake kingefurika. Mia mbili arobaini na nane hiyo inafanana na ile ya Euler kwa sadfa tu: moja ni 8 × 31, nyingine ni 2³¹ ikihesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde na kugeuzwa siku.

Kwa hiyo mwambie fundi ahamishe safu za fedha kwenye biti 64. Mashimo 63 yanatosha mauzo ya duka lenu kwa vizazi, tasa isiwe tasa. Na kabla hajaondoka muulize tarehe anazihifadhi vipi. Programu nyingi za zamani huhesabu muda kwa sekunde kuanzia mwanzo wa mwaka 1970, kwenye mashimo haya haya 32. Sekunde zitafika 2,147,483,647 Jumanne ya tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, programu ambayo haijarekebishwa itaandika risiti ya Desemba 1901.